Kutengeneza mchezo mdogo wa hadithi yenye njia panda: anza na magunia matatu ya korosho

Programu inayofaa kwa mtu anayeanza ni Twine. Ni ya bure, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2009, na haihitaji ujuzi wa kuandika kodi za kompyuta. Unaweza kuitumia kwenye kivinjari, lakini kama bando lako ni la kubahatisha, pakua ile ya kuweka kwenye kompyuta ufanye kazi bila intaneti.

Kabla ya kuifungua, chukua karatasi. Hadithi yako ya kwanza iwe na vipande 12 hivi, yaani kurasa fupi za kusomwa, usizidishe. Tuseme mkulima wa Newala ana magunia matatu ya korosho. Mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho nje ya mfumo rasmi, yuko mlangoni na pesa taslimu, kwa bei ya kutupa. Akipeleka ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, atapata bei ya mnada, ila atasubiri malipo. Hilo ni chaguo la kweli, kwa sababu kila upande una hasara yake. "Uende kulia au kushoto?" si chaguo, maana mchezaji hana cha kupima.

Sasa hesabu matawi. Kila chaguo lenye njia mbili likizaa hadithi yake, machaguo 5 yanakupa miisho 32, na machaguo 10 yanakupa 1,024. Hapa ndipo wengi huishia. Dawa yake ni kuzirudisha njia pamoja: aliyeuza kangomba na aliyekwenda ghalani wote wakutane siku ya mnada, lakini mchezo ukumbuke nani alifanya nini.

Ukifungua Twine, bofya New, ipe hadithi jina, kisha andika kwenye kipande cha kwanza ukiite Nyumbani:

(set: $magunia to 3)
Mnunuzi anagonga tena mlango.
[[Muuzie gunia moja->Kangomba]]
[[Peleka yote ghalani->Ghala]]

Mstari wa kwanza unauambia mchezo ukumbuke kuwa magunia ni matatu. Katika viungo, maneno yaliyo kabla ya mshale ndiyo mchezaji anayoyaona. Yaliyo baada yake ni jina la kipande anachopelekwa. Ukifunga dirisha, Twine inakutengenezea vipande hivyo viwili yenyewe. Ndani ya Kangomba andika agizo la kupunguza gunia moja:

(set: $magunia to $magunia - 1)

Toka Kangomba na Ghala, weka kiungo cha kwenda Mnada. Huko Mnada andika:

(if: $magunia is 3)[Karani anaandika magunia matatu.](else:)[Karani anaandika mawili. Mwanao yuko darasani.]

Alama hizi ni za Harlowe, mtindo ambao Twine huanza nao. Ukichagua mtindo mwingine hazitafanya kazi. Tumia neno is, si alama ya =.

Makosa yanayosumbua zaidi ni haya. Ukiandika "ghala" kwa herufi ndogo wakati kipande kinaitwa "Ghala", Twine itaunda kipande kipya kitupu na mchezaji atakwama humo. Pia, maagizo ya kipande hufanya kazi kila mchezaji anapokiingia: ukiweka kiungo cha kumrudisha Nyumbani, magunia yatakuwa matatu upya hata kama ameshauza. Basi hesabu ya mwanzo iweke kwenye kipande asichorudi kamwe. Na sisi Waswahili tuna mtego wetu: (if: $mnyama is 'ng'ombe') inaharibika, kwa kuwa ile alama ya katikati ya ng'ombe inafunga neno kabla halijaisha. Ndani ya maagizo tumia alama mbili: "ng'ombe". Kwenye maandishi ya kawaida haina shida.

Anayetumia kivinjari ajue kwamba hadithi yake inakaa ndani ya kivinjari hicho tu. Ukisafisha data, au mwenye kompyuta ya kuazima akisafisha, imekwenda. Kila ukimaliza kazi, nenda Library, bofya Archive, uhifadhi faili kwenye flashi.

Picha na sauti ziache kwa sasa, kwa sababu haziingii zenyewe ndani ya faili la mchezo. Ukimaliza, fungua Build kisha Publish to File. Utapata faili moja la HTML, dogo, chini ya MB 1. Litume WhatsApp kama dokumenti, mpokeaji alifungue kwa kivinjari cha simu. Mchezaji wa kwanza kaa naye, na usimwelekeze. Pale anaposita kwa sababu hajaelewa, andika upya sentensi hiyo. Pale anaposita kwa sababu anapima uamuzi, usiguse kitu.