Mtoto anaanza darasa la kwanza Januari: namna ya kumwandaa, na ya kujiandaa wewe mzazi

Wazazi wenzangu, nawasalimu. Wengi mmeniomba niweke somo hili kwenye kundi letu kabla shule hazijafunguliwa, na mmefanya vema kuomba. Kila Januari naona picha ileile mlangoni kwangu: sare mpya, begi jipya, viatu vinang'aa, na mtoto ambaye hajui kumwambia mwalimu kwamba amebanwa na mkojo. Huu ni mwaka wa 11 nafundisha darasa la kwanza katika shule ya serikali hapa Dar es Salaam. Nitakayoyasema yanahusu shule za serikali zinazofundisha kwa Kiswahili. Wenye watoto shule za mchepuo wa Kiingereza, chukueni yanayowafaa.

Kwanza tuambizane ukweli. Kiwango kilichowekwa ni wanafunzi 45 kwa darasa moja. Tangu ada na michango ya lazima iondolewe mwaka 2016, watoto walioletwa shuleni ni wengi mno, na mimi nalishukuru hilo kwa moyo wote, kwa sababu nimewafundisha watoto ambao zamani wangebaki nyumbani. Lakini darasa langu lina watoto zaidi ya 80. Katika wingi huo mwalimu humwona upesi anayesema na anayesumbua. Mtoto mpole anayekaa kimya anaweza kufika Machi bado sijajua kinachomsumbua. Ndiyo maana maandalizi yote ninayowaeleza yanaelekea sehemu moja: mtoto ajue kujisemea, na mzazi awe jicho la pili la mwalimu.

HATUA YA 1: Unapoandikisha, eleza

Uandikishaji hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka. Nenda shule iliyo karibu na nyumbani, ukiwa na cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kama hakijatoka, beba kadi ya kliniki, na uanze kukifuatilia sasa maana huko mbele kitadaiwa tena.

Wazazi wengi huandikisha jina na kuondoka. Tafadhali kaa dakika tano na mwalimu. Mwambie kama mtoto ana pumu, kifafa au selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), kama sikio lake hutoka usaha, kama bado anajikojolea. Mwambie nani anaruhusiwa kuja kumchukua. Acha namba mbili za simu, siyo moja. Na hali ya nyumbani nayo ni muhimu: kama mama yuko Oman kikazi na mtoto analelewa na shangazi, mwalimu akijua hatashangaa mtoto akilia siku tunayochora picha ya familia.

HATUA YA 2: Vifaa

Ulizia shuleni kabla ya kununua. Shule nyingi ni shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu, lakini sweta na soksi hutofautiana. Darasa la kwanza tunaandika kwa penseli, kwa hiyo kalamu ya wino iache dukani. Ikate penseli vipande viwili, umpe kimoja. Kikipotea, kingine kipo nyumbani. Andika jina kwenye kila daftari, kwenye begi, hadi ndani ya kola ya shati. Fagio la chelewa na kidumu cha maji vinatakiwa shule nyingi. Mpe kidumu kidogo anachoweza kukibeba mwenyewe.

Ila hili nalisisitiza: kiuno cha kaptula kiwe cha lastiki. Kifungo kigumu au zipu inayokwama ndiyo inayowaaibisha watoto wangu wiki ya kwanza. Mtoto amefika chooni kwa wakati, kifungo kikagoma.

HATUA YA 3: Mfundishe kujisemea

Hapa ndipo ningependa mtumie Desemba yote, kuliko kumkaririsha moja hadi mia.

Mtoto ajue majina yake matatu. Wengi wanajua jina la nyumbani tu. Naita mahudhurio, jina linapita, hakuna anayeitika, kumbe mwenyewe yuko dawati la mbele, ila maisha yake yote ameitwa Junior. Anzeni sasa kumwita kwa jina lililoandikwa kwenye cheti, angalau mara chache kwa siku.

Kisha sentensi hizi, azizoee mdomoni: "Mwalimu, naomba kwenda chooni." "Mwalimu, sijaelewa." "Mwalimu, sioni ubaoni." "Mwalimu, naumwa hapa." "Mwalimu, mwenzangu ananipiga." Zinaonekana nyepesi. Lakini mtoto aliyelelewa kwamba adabu ni kunyamaza mbele ya mkubwa hawezi kuzitamka mbele ya mtu mgeni na watoto 80 wanaomtazama. Adabu abaki nayo, maana hata kuomba kuna adabu yake. Chezeni shule nyumbani. Siku moja wewe uwe mwalimu, siku nyingine awe yeye, na wewe unyooshe kidole useme hujaelewa. Akimwona mama yake anasema "sijaelewa", ataona kuwa si aibu.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Miaka michache iliyopita nilikuwa na binti mmoja mpole, mwandiko mzuri, daftari safi. Kila nilichoandika ubaoni alikuwa nacho. Nilimhesabu miongoni mwa wanaofanya vizuri. Mwezi wa tano jirani yake aliumwa, hakuja wiki nzima, na daftari la yule binti likabaki tupu wiki nzima. Hakuwa akiona ubaoni hata kidogo. Alikuwa ananakili kwa mwenzake. Kulitambua ilikuwa kazi yangu, na nilichelewa miezi minne. Mama yake aliniambia nyumbani alikuwa anakaa karibu kabisa na televisheni, wao wakadhani ni mazoea mabaya. Kila mmoja wetu alikuwa na nusu ya habari.

HATUA YA 4: Ukitaka kumtanguliza kusoma, tumia sauti

Darasa la kwanza na la pili msingi wetu ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Tunaanza na sauti za irabu, a, e, i, o, u, kisha tunaunganisha: ma, me, mi, mo, mu, ba, be, bi, bo, bu. Baada ya hapo neno "mama" linajileta lenyewe. Mtoto aliyefundishwa "ei, bii, sii" nyumbani anapata taabu mara mbili. Akiona "baba" anasoma "bii ei bii ei", na anashangaa kwa nini halileti maana.

Kiswahili kimetupa bahati kubwa: herufi karibu zote zinasomwa zilivyo. Tuitumie bahati hiyo. Herufi mbili zenye sauti moja, kama ch, sh, ny, pamoja na ng' ya ng'ombe, tuachie sisi, zinakuja baadaye. Vitabu vya kiada viko bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na unaweza kuvifungua kwa simu.

Mkono pia unahitaji kuandaliwa kabla ya herufi. Mpe kazi ya kupukuchua mahindi, kufinyanga udongo, kuchambua mchele, kuchora mistari na miduara mchangani. Vidole vyenye nguvu hushika penseli bila kuumia.

HATUA YA 5: Wiki ya mwisho na siku ya kwanza

Alale mapema kuanzia wiki moja kabla. Tembeeni njia ya shule mara mbili tatu, kwa saa ileile atakayopita, ili azoee pilikapilika za bodaboda. Mwonyeshe atakapovukia. Kama nyumbani amezoea poti au choo cha kukaa, mfundishe kuchuchumaa, kwa sababu choo cha shule ni cha tundu na watoto wengine wanaliogopa.

Siku ya kwanza msindikize, muage kwa sauti ya kawaida, mwambie utarudi au nani atakuja, kisha ondoka kweli. Mzazi anayechungulia dirishani huongeza kilio, na kilio cha mmoja huwaamsha kumi. Asubuhi ale ashibe. Shule nyingi hazina uji wiki za mwanzo. Na siku ya kingatiba, yaani kugawa dawa za kinga, ya minyoo na kichocho ikitangazwa, hakikisha amekula vizuri kabla, maana dawa ya kichocho ikikuta tumbo tupu humsumbua.

HATUA YA 6: Kila jioni, dakika 15

Ukimuuliza "Leo umejifunza nini?" atakujibu "Hamna." Muulize "Leo ulikaa na nani?", "Mwalimu alicheka lini?", "Nani alilia?" Hapo mazungumzo yanafunguka, na yaliyomsibu yatatoka yenyewe.

Fungua daftari. Tazama tarehe, usitazame tiki tu. Tarehe zinazoruka zinakwambia kuna siku hakuandika, na ukiona hivyo njoo tuzungumze. Kazi ya nyumbani usimfanyie wala usimfutie makosa. Kosa lake linanieleza nimfundishe nini kesho.

Mikutano ya wazazi hudhurieni. Serikali hutenga ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na chakula cha mtoto hakimo humo. Uji na chakula hupatikana kwa makubaliano ya wazazi wenyewe. Asiyefika mkutanoni huamuliwa na waliofika, halafu akalalamika getini. Ukitoa mchango, dai risiti.

MASWALI YA WANACHAMA

Baba wa mtoto mmoja, Kahama: Mwalimu, binti yangu ana miaka mitano na tayari anasoma. Si aingie la kwanza moja kwa moja?

Mpeleke darasa la awali kwanza, baba. Darasa la kwanza ni kwa aliyetimiza miaka sita. Kusoma peke yake hakutoshi. Awali anajifunza kusubiri zamu, kukaa kwenye kundi, kutunza vitu vyake. Waliorushwa huwa naona wanachoka mapema na kulala mezani.

Bibi mlezi, Muheza (nimeandikiwa na jirani): Mwalimu, mimi sikusoma. Mjukuu wangu nitamsaidiaje?

Shikamoo bibi. Unaweza sana. Mwambie akusomee yeye, na wewe usikilize. Akikwamakwama utasikia, huhitaji kujua herufi. Mhesabishe mbegu za mahindi, punje kumi kumi. Mpe vitendawili na hadithi zako, kwa sababu mtoto mwenye maneno mengi kichwani husoma haraka kuliko asiyenayo. Na uje shuleni kama mzazi mwingine yeyote.

Mama, Bariadi: Nyumbani tunaongea Kisukuma na anachanganya r na l. Tuache Kisukuma?

Msiache, mama. Lugha ya nyumbani haimdhuru, na mtoto anamudu zote mbili. Ongezeni Kiswahili kidogo kila siku kwa nyimbo na michezo. Hiyo r na l mchezeeni kwa maneno yanayofanana: kura na kula, mahari na mahali. Asichekwe tu.

Mama wa mapacha, Mbagala: Shikamoo mwalimu. Mmoja anaandika kwa mkono wa kushoto, babu yake anamkataza.

Marahaba mwanangu. Mwombeni babu kwa heshima amwache. Kumlazimisha kunamchelewesha kuandika na kumtia woga. Kula kwa mkono wa kulia mnaweza kumfundisha kama mila yenu inavyotaka, lakini penseli aishike kwa mkono wake. Nikijua, nitamkalisha upande wa kushoto wa dawati ili asigongane kiwiko na mwenzake.

Baba, Morogoro: Je, wa darasa la kwanza anachapwa?

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka ya kuchapa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Viboko havizidi vinne na lazima viandikwe kwenye kitabu. Mimi nasema wazi: kutojua kusoma si kosa la kuadhibiwa, na sijaona mtoto wa miaka sita aliyesoma kwa fimbo. Ukiona alama mwilini mwake, anza kwa mwalimu mkuu, halafu kamati ya shule. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto pia ipo, na ni bure.

Mama, Tabata: Ni kweli hawa wataishia la sita?

Ndiyo. Kwa mtaala ulioanza 2024, elimu ya msingi ni miaka sita.

Mama, Mwanza (aliniuliza Juni): Wangu yuko la kwanza tayari, ni Juni na bado hasomi. Nimtafutie tuisheni?

Kabla ya tuisheni fanya mambo matatu. Mpeleke akapimwe macho na masikio. Hesabu kwenye daftari siku alizokosa shule muhula huu. Kisha njoo kwa mwalimu wake muda wa kutoka, si asubuhi ya mstarini, na umwombe akuonyeshe anakwamia wapi: kwenye sauti, kwenye kuunganisha silabi, au kwenye neno zima. Ukishajua, fanyeni hicho kimoja tu kila jioni likizo nzima ya Juni, mkitumia silabi ulizoziandika kwenye vipande vya boksi. Muhula wa pili ukifunguliwa, rudi kwa mwalimu wake na vile vipande mmsikilize pamoja.