Hatua za kusimamia walimu na watumishi wengine: kukagua, kuzungumza na kurudi

Somo hili ninaliandika kwa ajili ya walimu wakuu, wataaluma (walimu wanaosimamia masomo na ratiba ya shule) na wakuu wa vitengo, hasa waliopokea barua ya uteuzi hivi karibuni wakakabidhiwa funguo, mhuri na daftari la mahudhurio bila mtu kuwaeleza namna ya kumsimamia mtu mzima mwenye taaluma yake. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi katika shule za Ilemela na Sengerema, na kasoro niliyoiona zaidi, kwangu mwenyewe na kwa wenzangu, ni moja: msimamizi hukagua, huandika maoni kwa kalamu nyekundu, kisha harudi.

Hatua ya kwanza: kubalianeni kabla ya kukagua

Si haki kumdai mtumishi jambo ambalo hakuambiwa. Muhula unapoanza, keti na kila mwalimu peke yake, azimio la kazi likiwa mezani, mkubaliane mada zitakuwa zimefika wapi kabla ya mitihani ya nusu muhula na mazoezi mangapi yatasahihishwa kila wiki. Fomu za OPRAS, yaani za tathmini ya wazi ya utendaji kazi, zilizoanza kutumika katika utumishi wa umma mwaka 2004, zilikusudiwa kufanya kazi hiyohiyo, lakini nilikofanya kazi mimi tulizijaza kwa haraka siku chache kabla ya kuzipeleka halmashauri. Mfumo wa PEPMIS, wa kompyuta, uliochukua nafasi ya fomu hizo, umetuondolea karatasi. Haukutuondolea wajibu wa mazungumzo, kwa maana jukumu lililoingizwa kwenye mfumo bila kuzungumzwa hubaki kuwa maandishi tu.

Hatua ya pili: ingia darasani na ukae hadi kipindi kiishe

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwepa, kwa sababu ni rahisi zaidi kukagua maandalio ya somo na shajara ukiwa ofisini. Niliwahi kusimamia shule iliyo karibu na maji, upande wa Sengerema unaotazama ghuba. Mwalimu mmoja wa hisabati wa darasa la tano alilalamika kwa miezi miwili kwamba wanafunzi wa safu za kushoto ni wazito wa kuelewa. Maandalio yake yalikuwa safi kuliko ya mwalimu mwingine yeyote. Nilimwarifu siku moja kabla, nikaenda kukaa kwenye dawati la nyuma upande huohuo wa kushoto, katika kipindi cha pili asubuhi. Alikuwa akifundisha kuzidisha sehemu, na mpangilio wa mifano yake ulikuwa mzuri. Lakini jua lilikuwa limepanda juu ya ziwa, mwanga ukaingia dirishani na kulipiga ubao uliokwisha kuwa laini kwa kufutwa miaka mingi, kiasi kwamba kutoka pale nilipokaa nusu ya ubao iling'aa tupu. Nilihesabu watoto 11 wakinakili kutoka kwa wenzao, na mmoja alikuwa ameandika asili mahali pa kiasi. Hakuna andalio la somo ambalo lingenionyesha jambo hilo, wala mwalimu mwenyewe asingeweza kuliona kutoka pale alipokuwa amesimama.

Kwa hiyo kaa dakika zote 40. Chagua jambo moja au mawili ya kutazama, ukiwatazama wanafunzi zaidi ya mwalimu, na usiandike mfululizo kana kwamba unachukua maelezo polisi.

Hatua ya tatu: zungumzeni siku ileile, faraghani

Anza kwa kumuuliza yeye: kipindi umekionaje? Mara nyingi mwalimu huijua kasoro yake kabla hujaitaja, na akiitaja mwenyewe hataona haya kuirekebisha. Niliwahi kumsahihisha mwalimu mbele ya wanafunzi wake kwa kosa dogo la tahajia, nikidhani ninawaokoa watoto. Aliendelea kuniamkia vizuri kila asubuhi, lakini ulipita muhula mzima kabla hajaniomba ushauri tena. Nililijutia jambo hilo na bado ninalijutia.

Hatua ya nne: andikeni mlichokubaliana

Mistari mitatu inatosha: kilichoonekana, atakachofanya yeye, utakachofanya wewe, pamoja na tarehe na sahihi zenu wawili. Msimamizi anayeandika madai yake tu na kuacha deni lake hajasimamia. Katika mfano wangu, deni langu lilikuwa rangi ya ubao na pazia la dirisha.

Hatua ya tano: rudi

Rudi ndani ya wiki mbili, ukatazame jambo lilelile na si jingine. Usiporudi, watumishi wote watajua kwamba ukaguzi wako ni mvua ya rasharasha, wajikinge kidogo tu ipite. Niliporudi katika lile darasa la tano, pazia lilikuwapo, ubao ulikuwa umepakwa rangi, na mwalimu alikuwa ameanza kupita kati ya madawati kila baada ya mfano mmoja, jambo ambalo hatukuwa hata tumeliandika.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Nansio: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31 na nimeteuliwa kuwa mwalimu mkuu katika shule ambayo mmoja wa walimu alinifundisha darasa la sita. Nitamkaguaje?

Jibu: Marahaba. Endelea kumwamkia kwanza kila siku, kwa maana cheo hakifuti shikamoo. Kisha mwombe yeye aingie darasani kwako na kukukosoa, uyapokee maoni yake na kuyatekeleza. Baada ya hapo ingia kwake. Usimruke kwa kumwonea haya, kwa sababu vijana wataona kwamba ukaguzi umewekwa kwa ajili yao peke yao.

Mwanachama wa Misungwi: Mimi ni muuguzi mfawidhi. Siwezi kukaa zamu nzima ya usiku nikimtazama mtu. Nifanyeje?

Jibu: Hudhuria makabidhiano ya zamu, ukachague kitu kimoja cha kuhakikisha kwa macho. Chukua jokofu la chanjo, linalopaswa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi na kusomwa mara mbili kwa siku. Ukikuta wiki nzima imeandikwa 5, kwa wino uleule na mwandiko uleule, usianze na karipio. Nenda na mhusika mkasome kipimajoto pamoja. Kesho yake asubuhi, rudi.

Mwanachama wa Buhongwa: Katika shule yetu binafsi, mwalimu mmoja ametoka likizo ya uzazi na huchelewa kipindi cha kwanza kwa sababu ya kunyonyesha. Mwenye shule anataka nimwandikie onyo.

Jibu: Usiandike bado. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamtaka mwajiri amruhusu anayenyonyesha kufanya hivyo ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kwa hiyo kosa liko katika ratiba. Kaa na mtaaluma muhamishe vipindi vyake vianzie cha tatu, mweleze mwenye shule sababu kwa maandishi, na baada ya wiki mbili nenda ukakae nyuma ya darasa lake.