Kiti laini kitakuumiza
Wenye pikipiki mnaotoka Nakuru kwenda Kisumu, msimwambie fundi wa viti aongeze sponji laini. Mimi niliongeza. Kufika Kericho ilikuwa imelala kama chapati, nimekalia ubao mtupu. Itisha sponji ngumu, na uipime pale pale: iweke mezani, ikandamize kwa ngumi. Ngumi ikigusa meza, kataa. Kiti kikiwa kinateremka kuelekea tangi, mwambie akisawazishe, la sivyo kila ukishika breki unateleza mbele (wanaume mnajua kinachofuata). Nyuma kipanuliwe, mbele kibaki chembamba ili miguu ifike chini. Na kabla hajashona kava, kikalie robo saa nzima. Dakika mbili kila kiti ni kizuri.