Kugandisha panchi ya D2 kwa nitrojeni: hatua kwa hatua

Fundi mwenzangu alikuwa analalamika kwamba panchi zake za kutobolea bati zinaisha makali mapema, na moto anaupiga vizuri tu. Nimeandika hapa yale tuliyoyafanya.

D2, aina ya chuma cha kutengenezea zana, ina kaboni kama 1.5% na kromiamu kama 12%. Kwa mchanganyiko huo, ikishapigwa moto na kupoa hadi joto la karakana, sehemu ya chuma hubaki katika umbile la ndani liitwalo austenaiti, ambalo ni laini. Kugeuka kuwa matensaiti, umbile lililo gumu, kunamalizikia chini sana ya sifuri, na huko ndiko tunakoipeleka.

1. Piga moto. Nyuzi 1010 hadi 1020 za Selsiasi, ipoe hewani. Anayeifahamu D2 hahitaji maelezo zaidi.

2. Usiilaze. Ikifika joto ambalo mkono unalivumilia, ianze safari ya baridi siku hiyohiyo. Ukiiacha hadi kesho, austenaiti iliyobaki inazoea na kuwa ngumu kuigeuza. Umbo likiwa na kona kali au tundu karibu na ukingo, ipashe kwanza nyuzi 150 kwa saa moja. Utapoteza faida kidogo, lakini haitapasuka. Panchi ya duara ya kawaida haihitaji hilo.

3. Ipoze polepole. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Nitrojeni kimiminika iko nyuzi −196, na kishawishi ni kuitumbukiza panchi mara moja kama unavyozimisha kwenye oili. Usifanye hivyo. Austenaiti inapogeuka hutanuka kama 4% kwa ujazo. Ngozi ikitangulia na kiini kikabaki nyuma, ufa unaanzia konani, na mara nyingi utauona baada ya kusaga.

Ining'inize ndani ya boksi lenye kuhifadhi baridi, juu ya kimiminika, kwenye mvuke wake, kisha uishushe kidogo kidogo. Lenga nyuzi 1 hadi 2 kwa dakika, yaani saa mbili hadi nne mpaka chini. Tumia waya wa chuma kisichoshika kutu cha 304, kwa sababu waya wa chuma cha kawaida kwenye baridi hiyo hukatika kama kijiti kikavu. Funga themokapo (waya wa kupimia joto) aina ya T kwenye panchi yenyewe. Zile bastola za kupimia joto kwa mwanga ziache kabatini: nyingi zinaishia −50, na chuma kinachong'aa kinazidanganya.

Kifuniko kisibane. Lita moja ya nitrojeni huwa karibu lita 700 za gesi: boksi lililobanwa litapasuka, na chumba kilichofungwa kitakuishia hewa bila harufu yoyote ya kukushtua. Mimi hufanyia barazani. Glavu ziwe za ngozi na pana, uweze kuzikung'uta upesi, na uso uwe na kinga.

Kuipata nitrojeni si shida kama wengi wanavyodhani. Wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe wanaitumia kila siku kuhifadhia mbegu. Kwa Tanzania, kituo cha taifa cha uhimilishaji kiko Usa River, Arusha. Barafu kavu (kabonidioksidi iliyogandishwa), yenye −78, inageuza sehemu kubwa ya austenaiti, lakini mimi naona kama umeshahangaika kiasi hicho, nenda hadi nitrojeni: ustahimilivu wa kusagika unatokana pia na kabaidi ndogo ndogo (chembe ngumu za kaboni na metali) zinazojitokeza baadaye chuma kinapopashwa.

4. Ikae usiku kucha; wengi huiacha saa 24.

5. Irudi yenyewe. Acha nitrojeni iishe bila kuigusa panchi. Futa umande, paka oili.

6. Pasha mara moja. Matensaiti mpya inavunjika kwa kuanguka tu sakafuni, kwa hiyo usisage kabla. Nyuzi 200, saa mbili, ipoe, kisha rudia.

Rockwell, yaani kipimo cha ugumu, itapanda pointi moja au mbili tu, kwa hiyo usiipimie hapo. Chonga panchi mbili kutoka fimbo moja, moja usiigandishe, uzifunge kwenye mashine ileile na bati lilelile, uhesabu matundu hadi kila moja ianze kuacha kingo zenye miba.