Somo: Namna ya Kumpata Mhadhiri Mtafiti wa Shule ya Uuguzi

Kamati nyingi za ajira huanza kazi kwa kuandika tangazo. Mimi nashauri tangazo liwe hatua ya tatu, kwa sababu mtafiti mzuri wa uuguzi ni adimu, na swali lake la kwanza kwa kawaida huwa ni saa ngapi kwa wiki atakazoachiwa afanye utafiti. Shule isiyo na jibu la swali hilo huambulia mwalimu wa darasani mwenye shahada ya uzamivu, ambaye baada ya miaka michache ama huacha utafiti, ama huondoka.

Hatua ya kwanza ni kuamua mnataka utafiti gani. Kusema "utafiti wa uuguzi" hakutoshi, kwani anayechunguza vidonda vya mgandamizo, anayechunguza tiba shufaa na anayechunguza idadi ya wauguzi wodini wanahitaji washirika, vifaa na takwimu tofauti kabisa. Chukueni mfano wa kazi ya mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake iliyochapishwa mwaka 2002, iliyohusu hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania nchini Marekani: walionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Utafiti wa aina hiyo haufanywi na mtu mmoja aliyefungiwa ofisini. Unahitaji wanatakwimu, na unahitaji hospitali zilizo tayari kutoa kumbukumbu zake. Kwa hiyo, kabla ya kumtafuta mtu, andikeni majina ya watu watakaofanya kazi naye. Karatasi ikibaki tupu, basi ajirini wawili au badilisheni eneo.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, ni kutenga muda na fedha kwa maandishi. Shule za uuguzi zina tatizo ambalo idara nyingi hazina: mafunzo kwa vitendo. Mhadhiri anayesimamia wanafunzi wodini hutoka alfajiri na kurudi jioni, lakini kwenye ratiba za vyuo vingi siku hiyo nzima huhesabiwa kama saa chache tu za kufundisha. Nimewahi kukaa kwenye kamati iliyomwahidi mtafiti nusu ya muda wake, kisha muhula wa kwanza tu akapewa wodi mbili kwa sababu mwenzake alikuwa amekwenda likizo ya uzazi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ahadi ilikuwa ya mdomo, na wanafunzi walikuwa wanasubiri. Tangu hapo nasisitiza kwamba mkuu wa shule atie saini maelezo yanayotaja saa za utafiti, muda zitakapodumu, na nani atafundisha pale pengo litakapotokea. Maelezo hayo yataje pia fedha za kuanzia, yaani malipo ya msaidizi wa utafiti, programu za uchambuzi na gharama za kukusanya takwimu, mpaka mhusika apate ruzuku yake mwenyewe.

Tangazo sasa linaweza kuandikwa. Tenganisheni sifa za lazima na sifa za ziada, na msirundike zote upande wa kwanza. Zingatieni pia kwamba shahada za udaktari katika uuguzi si za aina moja: ipo ya uzamivu, inayomwandaa mtu kuzalisha maarifa mapya, na ipo ya utendaji, inayomwandaa kuongoza na kuboresha huduma. Mwenye shahada hiyo ya utendaji anaweza kuwa mtafiti, ila kamati iulize amejifunzia wapi mbinu za utafiti.

Kuhusu kutafuta, msingoje barua ziingie. Waandikieni waandishi wa makala mnazozisoma, na wasimamizi wa wanafunzi wa uzamivu walio mwaka wa mwisho.

Katika kuchuja, kubalianeni juu ya jedwali la alama kabla ya kufungua wasifu wa kwanza. Wapo wanaopenda kupanga waombaji kwa kipimo cha h, yaani namba inayotokana na wingi wa makala za mtu na mara zilizonukuliwa na wengine, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Kipimo hicho hupanda kadiri mtu anavyokaa kwenye utafiti, hivyo kinamwadhibu muuguzi aliyetumia miaka kumi wodini kabla ya kurudi masomoni, ilhali miaka hiyo ndiyo iliyompa maswali yenye maana. Mwombeni kila mwombaji achague makala zake tatu, mzisome zote, kisha usaili ujengwe juu yake. Mhadhara wa wazi mbele ya wanataaluma uwepo, na msimamizi wa wauguzi wa hospitali mnayoshirikiana nayo aalikwe. Yeye huona haraka mradi usiotekelezeka wodini.

Barua ya ofa ibebe yale yale yaliyotiwa saini katika hatua ya pili, pamoja na vigezo vya kupandishwa cheo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, tumetangaza nafasi mara mbili na hatujapata mwombaji hata mmoja aliyewahi kuchapisha. Tufanyeje?

Jibu: Msishushe kiwango mkaendelea kuiita nafasi ya utafiti. Mpelekeni mmoja wa wahadhiri wenu vijana akasome shahada ya uzamivu kwa mkataba wa kurejea, lakini mkataba huo utaje pia saa za utafiti atakazozikuta akirudi. Wakati huohuo fikirieni ajira ya pamoja na hospitali, ambapo kila upande hulipa sehemu ya mshahara.

Swali: Je, ni lazima mtafiti huyo awe muuguzi mwenye leseni?

Jibu: Kama atasimamia wanafunzi wanaohudumia wagonjwa, fuateni sheria ya usajili wa wauguzi ya nchi yenu bila mzaha. Kama hatawasimamia, sharti hilo litawafungia mlango wanatakwimu na wanasosholojia wanaoijua afya vizuri. Hata hivyo, ningependa wengi wa kikosi wawe wauguzi.

Swali: Profesa, mwombaji tuliyemchagua ana ruzuku katika chuo anachotoka. Tuihesabu kuwa yetu?

Jibu: Msiihesabu bado. Kwa kawaida ruzuku hupewa taasisi, si mtu, na kuihamisha kunahitaji idhini ya mfadhili na ya chuo anachokiacha. Idhini ya kamati ya maadili nayo huenda ikaombwa upya kwenu, na ruhusa ya kutumia takwimu zilizokwisha kukusanywa iulizwe peke yake. Mwombeni alete majibu hayo kwa maandishi kabla hamjapanga bajeti ya mwaka wake wa kwanza.