Ukizima chanzo kwenye saketi, angalia unakizimaje

Kama una saketi yenye betri mbili au tatu na unatafuta mkondo kwenye rezista moja, usihangaike na milinganyo mingi, acha chanzo kimoja kimoja cha umeme kifanye kazi huku vingine umevizima, halafu jumlisha majibu. Ila hapa kwenye kuzima ndo wengi wanapigwa: chanzo cha volteji ukikizima weka waya mahali pake, chanzo cha mkondo ukikizima kata, acha wazi. Ukibadilishana hivyo viwili umekwisha. Na kama kina ukinzani wake wa ndani usiutoe, unabaki palepale.

Alama za kujumlisha nazo, chora mshale wa mwelekeo mwanzoni kabisa na usiubadilishe, mkondo ukienda kinyume unaweka hasi, basi.

Sasa pawa ndo mtego wenyewe, hata mimi ilinila sana. Tuseme rezista ni ya omu 3, chanzo cha kwanza kinapitisha ampia 2, cha pili ampia 1 upande uleule. Pawa ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, kwa hiyo ukijumlisha pawa za kila chanzo unapata wati 12 na 3, yaani 15, kumbe mkondo ni ampia 3 kwa hiyo pawa ni wati 27! Jumlisha mikondo kwanza, pawa baadaye.

Mawimbi hivyohivyo, mawili yanayolingana yakikutana kilele kwa kilele kimo kinakuwa mara 2 lakini ukali (nishati inayofika) mara 4 ya wimbi moja, ila kuna sehemu nyingine yanafutana kwa hiyo nishati haijatoka hewani. Na ukiona dayodi (kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu) kwenye saketi, njia hii achana nayo.