SOMO: Kurekodi ngano (hadithi za mdomo) vijijini Tanga, kuanzia barua mpaka hifadhi

Kila wiki napata ujumbe uleule: "Mkuu, nataka kurekodi bibi zetu wanaotamba ngano, naanzia wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, ukiniuliza tena nitakurudisha hapa.

1. Barua ya chuo au taasisi yako. Inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya, kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Mtafiti raia wa nje anaanzia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Toa nakala za kutosha, kila ofisi itabaki na yake.

2. Nenda kwa mtambaji siku moja kabla, bila mashine ya kurekodi. Salimia, jieleze, ondoka.

3. Mashine: irekodi WAV (faili la sauti isiyobanwa), 48 kHz, biti 24. Saa moja ya stirio ni takriban GB 1. Zima ule mpangilio wa sauti kujipandisha yenyewe. Bibi akinyamaza kidogo, mashine inawanyanyua nyenje na bodaboda wanakuwa wakubwa kuliko yeye. Sauti ya juu kabisa iishie karibu na -12 dB kwenye kipimo cha mashine. Maikrofoni sentimita 30 kutoka mdomoni, na ukiwa karibu na bahari ivalishe kifuniko cha manyoya. Vaa hedifoni muda wote.

4. Idhini, mashine ikiwa tayari inarekodi: jina, tarehe, kijiji, lugha, nani asikilize, jina litajwe au lisitajwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022. Na aliyekubali kurekodiwa hajakubali kuwekwa YouTube.

5. HADHIRA. Hapa niliharibu, kwa hiyo soma taratibu. Usimkalishe mtambaji peke yake mbele ya mashine. Ngano ina watu wawili: anayetamba na anayeitikia. Akisema "Paukwa!" na hakuna wa kujibu "Pakawa!", ngano ya dakika 20 inakuwa muhtasari wa dakika 4: wakaenda, wakarudi, ikaisha. Kinachokufa kwanza ni nyimbo, kwa sababu hakuna kiitikio. Na kiitikio si pambo: wakati watu wanaimba, mtambaji anapumua na kupanga tukio linalofuata. Tafuta wasikilizaji wanne au watano, wajukuu na jirani mmoja mtu mzima, wakae mbele yake kama kawaida yao. Nenda baada ya magharibi. Wengi hawatambi mchana, na anayekubali mchana mara nyingi anakuonea haya tu.
ONYO: usimkatize kuuliza maana ya neno, andika dakika, utauliza baadaye. Usiseme "sisi kwetu inaisha hivi". Usimwambie arudie eti mashine haikuwaka. Atakayorudia ni ngano nyingine, na uiandike kuwa ni ya pili.

6. Usiku huohuo: nakala tatu, moja isilale nyumba moja na nyingine. Jina la faili: tarehe, kijiji, lugha, namba. Faili linaloitwa "bibi mpya 2" ni takataka.

7. Kunukuu, yaani kuandika ulichorekodi. Saa moja ya sauti inakula saa sita mpaka kumi. ELAN ni programu ya kompyuta, ya bure, na inafunga maneno kwenye sekunde zake. Akitamba kwa Kimtang'ata (lahaja ya Kiswahili ya pwani ya Tanga), andika Kimtang'ata. Usimsanifishie.

MASWALI

Chumbageni_Boy: Mkuu simu yangu inatosha?

Jibu: Hatua ya 3. Ikitoa WAV na hedifoni ikaingia, inatosha. Kama hujui inatoa nini, fungua mipangilio kabla ya kufungua uzi.

Finalisti: Naomba ngano 10 za Kibondei na uchambuzi, nakusanya kazi Ijumaa.

Jibu: Hapana.

Finalisti: Mbona mkali, si tunasaidiana?

Jibu: Nimekusaidia hatua saba. Wabondei wako Muheza, na nauli si kubwa.

MwanaPangani: Shikamoo mwalimu. Bibi anatamba kwa Kiswahili, lakini wimbo katikati ni Kizigua na yeye mwenyewe haelewi maneno yote. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, swali zuri hilo. Masimulizi yanahama lugha kirahisi, ila wimbo umefungwa na mahadhi yake: ukiutafsiri silabi hazikai. Kwa hiyo lugha ya zamani hubaki humo. Muulize kwanza yeye neno kwa neno, uandike hata anapokisia. Kisha mchezee mzee mwingine anayejua Kizigua, uandike majibu yake pembeni, usifute ya kwanza. Muulize pia nani alimfundisha. Ila usikimbilie kusema ngano nzima ni ya Wazigua. Wimbo nao huazimwa.

MwanaPangani: Na ile ya Kima na Papa, ni yetu kweli?

Jibu: Kwenye fahirisi ya Aarne, Thompson na Uther, orodha inayozipa namba ngano za nchi mbalimbali, ni namba 91, moyo ulioachwa nyumbani. India wanayo, kule ni nyani na mamba. Pwani mamba amekuwa papa, na moyo unatakiwa ukamponye sultani wao. Andika namba, halafu andika kilichobadilika. Kazi iko kwenye kilichobadilika.

Dada_Korogwe: Ukisomea fasihi simulizi unaajiriwa wapi?

Jibu: Usitafute tangazo lenye jina hilo. Tafuta Afisa Utamaduni wa halmashauri, makumbusho, ualimu, utafiti TATAKI (taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), TaSUBa (chuo cha sanaa na utamaduni) Bagamoyo ukiwa na upande wa sanaa, vipindi vya redio. Anayejua kunukuu vizuri hupata vibarua vya miradi kabla ya ajira.

Mzee_wa_Mkinga: Mtambaji apewe nini?

Jibu: Sukari, majani ya chai, sabuni, baada ya kutamba. Ukitangaza bei kwa kila ngano, moja itakatwa vipande vitatu.

Mzee_wa_Mkinga: 😂 Kweli. Na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya ndani ya maboksi ya viatu msitupe, wekeni kwenye mkoba wa mashine. Chumvi ya pwani inakula vyuma vya betri.

Jibu: Naongeza kwenye hatua ya 3.